Mashine ya Baba Yako Imekataa Kuingia

Kiwanjani, Isiolo
4 Machi 2024

Lorna,

Salamu nitaziweka mwisho. Kwanza nigombe.

Ulimtuma yule kijana Mwiti aje aniwekee waifai ndani ya nyumba. Amekuja, amepanda juu ya mabati yangu na viatu vyake, amevuta waya, ameacha kisanduku cheupe kwa ukuta kando ya picha ya Yesu. Kinawaka taa usiku kucha, utadhani fisi ananichungulia. Hiyo sikatai. Lakini mashine ya baba yako, ile laptopu, imekataa kuingia.

Nimeiwasha mwenyewe. Kaltuma, jirani yangu wa maziwa, amekuja kunisomea Kizungu, kwa sababu shule yangu ya ngumbaru iliishia kwa Kiswahili na kujumlisha. Jina la waifai yetu linaonekana pale, na kufuli ndogo kando yake. Tumebonyeza. Imeuliza paswadi. Kaltuma ameandika ile uliyotuma, herufi moja moja, mimi nikimsimamia. Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikasema haiwezi kujiunga. Mara ya pili hivyo. Mara ya tatu nikaifunga kwa hasira.

Na usiniambie ati tumekosea paswadi. Simu ya Kaltuma imepewa paswadi hiyo hiyo na ikaingia kabla hajameza mate. Kwa hivyo nyumba yangu inamfungulia jirani na kumfungia mwenye nyumba nje. Hiyo ni adabu gani?

Usiniambie pia nitumie simu yangu. Hii mulika mwizi haina picha, na sikio langu la kushoto lilikufa zamani. La kulia linasikia simu kama nzi ndani ya mkebe. Ndiyo maana naandika, nampa kondakta wa basi pale steji, nawe unaichukua huko Voi. Wewe pia andika. Kalamu haina nzi.

Unajua kwa nini nataka hii mashine iingie. Daktari amekukataza safari, na nyonga yangu haiwezi kukaa kwa basi mpaka Voi. Na mtoto wako akizaliwa lazima aitwe. Nyumba yetu haichagui jina kitabuni. Mtoto anapewa titi, nyanya anataja waliotangulia mmoja mmoja, na lile jina atakaloanza kunyonya nalo ndilo lake. Mimi lazima nimwone kwa macho yangu akinyonya. Baba yako aliitwa hivyo kwa titi langu, nikakuita wewe hivyo. Huyu hatapita bila.

Sasa salamu: ejok. Miguu bado imevimba? Kula.

Ata yako,
Akolong


Voi
8 Machi 2024

Ata wangu,

Ejok. Mume wangu Dan alitoka steji na barua yako akicheka, kwa sababu juu ya bahasha umeandika IFIKE LEO NIMESEMA. Imefika. Miguu ni mizima. Daktari anataka tu nipumzike, si jambo kubwa.

Sasa mashine, na usinipige. Ubavuni kuna kiswichi kidogo cha waifai, hebu muangalie kama kimewashwa. Halafu Kaltuma alibonyeze lile jina la waifai yetu na kuiambia mashine isahau huo mtandao. Muizime, muiwashe, mjiunge upya kama wageni. Wakati mwingine inakariri kosa la mara ya kwanza na kuling'ang'ania.

Tangu barua yako ije nimekuwa nikimwona Baba akishuka kwa lori la mbuzi Ijumaa jioni kutoka Kulamawe, vumbi tupu kuanzia nywele hadi viatu vya ualimu, na laptopu imefungwa kwa shuka safi kifuani kama mtoto mchanga. Unakumbuka wale wamama wa steji wakimuuliza, "Mwalimu, huyo umemzaa na nani?" Naye akijibu, "Ni wa serikali, mimi nalea tu." Wiki nzima alikuwa akiichaji kwa sola ya duka kule, ili akifika nyumbani tuone picha.

Nikuulize kitu, Ata. Ukiita majina, utaita na la Baba, Ekidor? Sijakusikia ukilitaja tangu tumzike, nami nilikuwa kidato cha pili. Wewe husema "baba yako", ama "mwenye mashine". Sikulaumu. Nauliza tu.

Na kama mashine ikikataa kabisa, simu ya Kaltuma ina picha nzuri.

Mjukuu wako,
Lorna


Kiwanjani
13 Machi 2024

Lorna,

Kiswichi kiko sawa. Si nilikwambia jina linaonekana?

Tumeiambia isahau. Kaltuma akabonyeza, ikasahau pale pale, bila hata kuuliza mara mbili. Nikamwambia, ona vile ni rahisi kwa chuma. Tukaizima, tukaiwasha, tukabisha hodi kama wageni. Ikazunguka. Ikakataa.

Nikamwita Mwiti. Akaja na boda, akakalia kiti cha mwenye mashine bila kuuliza, akatazama, akacheka. Ati, "Nyanya, hii ni ya makumbusho." Nikamwambia hata mimi ni ya makumbusho na bado nakupikia chai. Ndipo akanieleza. Kisanduku kimewekwa kufuli ya siku hizi, na mashine ilizaliwa kabla kufuli hiyo haijatengenezwa. Inaona mlango, ufunguo uko mkononi, lakini haijui kuuzungusha. Haya, hiyo nilielewa. Ukihamisha lango la boma, ng'ombe mzee atasimama pale lango lilipokuwa, alie.

Nikamuuliza, basi tufanye nini? Akasema mawili, na yote mawili ya kijinga. La kwanza, atoe kufuli kabisa, waifai ikae wazi. "Hapa Kiwanjani, Mwiti? Kila anayepita kwenda uwanja wa ndege aingie kwangu?" Nani analala na boma bila mwiba langoni? La pili, afute kila kitu ndani ya mashine aweke vitu vipya, labda itaamka. Na mkono wake ulikuwa tayari umefika kwa vitufe! Nikaupiga na mwiko. Nikamwambia atoke, na chai aiache.

Sababu ni kwamba vitu vipya vinaharibu mashine. Kila mtu anajua hivyo.

Hilo jina uliloliandika nimelifunika na kidole nikasoma mengine. Mambo ya majina niachie mimi. Kazi yako ni kusukuma.

Na simu ya Kaltuma usinitajie tena. Kaltuma ni mtu mzuri, maziwa yake ya ngamia hayana maji, lakini jina la ukoo haliitwi kutoka kwa chombo cha jirani. Moto wa kuazima ni wa kupika chai, si wa kumkaribishia mtoto.

Halafu, ati miguu "ni mizima". Mguu mzima ni wa mbuzi, wa kuchoma. Nimeuliza kama imevimba ama haikuvimba.

Ata Akolong


Voi
18 Machi 2024

Ata wangu,

Mwandiko umelala kwa sababu naandika nikiwa nimelala. Usianze. Ni pumziko tu.

Nimecheka mpaka Dan akaja mbio kutoka jikoni. Mwiko, Ata! Maskini Mwiti. Ugonjwa aliujua, dawa ndiyo aliikosea. Si lazima kutoa kufuli, wala kufuta kitu. Kisanduku kinaweza kuwekewa kufuli mbili kwa mlango mmoja: hii mpya kwa simu za akina Kaltuma, na ile iliyoitangulia, ambayo bado ni ngumu, na ambayo laptopu ya Baba inaijua. Aingie kwa mipangilio ya kisanduku, mahali pa usalama, achague panaposema WPA2 na WPA3 pamoja. Paswadi inabaki ile ile. Na ahakikishe yale mawimbi ya 2.4 yamewashwa, kwa sababu mawimbi mapya laptopu haiyasikii, kama sikio lako la kushoto.

Lakini anayejua kuingia ndani ya kisanduku ni Mwiti. Itabidi umwite tena. Na umwambie pole.

Najua kwa nini ulimkataza kufuta. Ukiiwasha kuna ile picha, Baba amefunga tai, amesimama na mbuzi wawili nje ya darasa kule Kulamawe. Na nakumbuka siku alipokuonyesha kamera mara ya kwanza. Ulijiona kwa skrini ukauliza, "Nani amemwingiza huyu mzee kwa nyumba yangu?" Baba alicheka mpaka akakaa chini. Ulichukua ufagio, naye akazidi. Kicheko hicho kinanijia alasiri nikiwa hapa peke yangu, feni ikizunguka.

Hujajibu swali langu.

Lorna


Kiwanjani
22 Machi 2024

Lorna,

Maishani mwangu nimemwambia mtu pole mara moja, naye alikuwa padri, na ni kwa sababu nilimkanyaga. Mwiti anajua njia ya kwangu. Aliacha kofia yake hapa, atakuja kuitafuta. Karatasi yako ya kufuli mbili nimeiweka ndani ya hiyo kofia. Mtoto ni wa Mei na huu ni Machi. Wakati upo.

Mbuzi si wawili. Ni watatu. Mmoja amejificha nyuma ya miguu yake, unaona pembe tu. Hiyo picha nimeitazama kuliko wewe.

Unaandika ukiwa umelala. Mtu wa "pumziko tu" huandika akiwa ameketi. Unanificha kitu. Mwambie Dan aniandikie yeye. Huyo hajui kudanganya, uso wake ni kama sahani, kila kitu kinaonekana.

Ata Akolong


Voi
24 Machi 2024

Ata,

Ejok. Ni Dan. Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya goti.

Jana presha ilimpanda Lorna, tukakimbia hospitali, wakampasua. Yuko hai na anaongea. Amezaa msichana. Ni mdogo sana, anaenea kwa viganja vyangu viwili. Amewekwa kwa chumba cha joto.

Presha ilianza Februari, Ata. Lorna alinikataza kukuambia.

Mtoto hanyonyi. Anapewa maziwa kwa mrija. Manesi wanasema watoto waliokuja mapema huwa hivyo, na wanamjaribisha kwa titi mara kwa mara, lakini anafumba mdomo. Lorna naye hataki kumwandikisha jina lolote. Anasema hajaitwa. Kwa kitanda chake wameandika "Mtoto wa Lorna", basi. Nikimwambia tuchague tu, analia, na kulia kunampandisha presha.

Kaltuma nimempigia, atakuwa amekwambia. Lorna akasema lazima nikuandikie pia, ati bila wino huamini.

Ata, tafadhali. Simu yoyote.

Dan


Kiwanjani
27 Machi 2024

Dan,

Umeandika vizuri. Mwambie mke wako nitamgombesha akipona.

Jana niliketi kwa stuli ya Kaltuma, nikashika simu ya Kaltuma. Wewe uliona. Picha ndogo kama stempu, sauti inakatika, na wewe unanionyesha dari. Mtoto nilimwona sikio moja. Lakini niliita. Nilimwita Aule, mama yangu. Nikamwita Arupe, dada yangu, na Akiru aliyenifundisha kukamua. Niliita mpaka wale ambao sikuwapenda. Kila jina anageuza uso. Majina yakaisha, nikakwambia uzime.

Ni hiyo simu. Nilisema tangu mwanzo.

Leo asubuhi nikapanda boda mpaka Wabera, kwa duka la Mwiti, na hii nyonga yangu, na vumbi lote hilo. Nilimpelekea kofia yake na nyama ya nyirinyiri kwa mkebe. Alikuwa na wateja. Pole sikusema. Nilisema, "Mwiti, mjukuu wangu amezaa mtoto asiyenyonya, na mimi niko nje ya mlango." Akafunga duka. Wateja wakanung'unika, nikawaangalia, tukapanda boda mpaka kwangu.

Amesoma karatasi ya Lorna, akajipiga paji la uso. Amebonyeza kwa simu yake, kisanduku kikazima taa, kikawaka tena. Mashine ikauliza paswadi, Kaltuma akaandika. Ikazunguka. Ikaingia! Nilimshika Kaltuma mkono mpaka akalia, "Wee Ata, huo si wa mbuzi."

Halafu matatizo mengine. Kila ukurasa tukifungua unakataa, ati si salama. Mwiti akainama, akatazama kona ya skrini. Akaniuliza, "Nyanya, leo ni tarehe ngapi?" Mashine inasema ni Januari 2009. Ndani kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, ndiyo hukumbusha mashine siku, nayo imekufa. Kila nikichomoa waya inarudi huko nyuma. Na mtandao wa leo hauongei na anayeishi mwaka ule.

Nikamuuliza, mwaka ule ndio gani kwa hii mashine? Akasema, labda ndio ilitengenezwa. Mimi najua ndio mwaka gani. Ndio ilikuja hapa imefungwa kwa shuka.

Ameiandikia tarehe ya leo, kurasa zikafunguka. Kesho saa nne asubuhi mtoto awe kwa titi; Kaltuma atakupigia pia, isije barua ikachelewa. Na simu yako uielekeze kwa mtoto, si kwa dari.

Ata Akolong


Voi
2 Aprili 2024

Ata wangu,

Naandika nikiwa nimeketi.

Ananyonya. Leo kwa mara ya kwanza mrija umetolewa kabisa. Nesi anasema siku zake za kunyonya zilikuwa zimefika tu. Dan anasema ni mtandao mzuri. Mimi nilikuwa naangalia uso wako, Ata, kwa sababu ulijaza simu nzima, hata ushanga mmoja uliokatika shingoni niliuona.

Uliwaita wote tena. Aule, Arupe, Akiru. Naye mdomo amefumba. Halafu ukanyamaza. Ukaangalia chini, kando, sijui uliona nini. Nilidhani laini imekatika, Dan alishaanza kutikisa simu. Ndipo ukasema Akidor. Jina la Baba, ukimgeuzia msichana. Ukalisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwako, wewe ambaye ukiita kuku Wabera wanaitika.

Akafungua mdomo.

Ata, haikuwa simu.

Nisamehe kwa presha. Ulishamzika mmoja bila kutaja jina lake tena. Niliogopa ukianza kunihesabu na wanaokufa, utalifunga jina langu pia.

Tumemwandikisha Akidor.

Lorna


Kiwanjani
15 Aprili 2024

Lorna,

Ilikuwa simu. Tusibishane.

Ukinificha ugonjwa tena nitakuja Voi na hii nyonga, na utanibeba wewe.

Unauliza niliangalia nini. Pale chini ya uso wako, kwa kona, mashine ilikuwa imeniweka mimi, kadogo. Yule mzee tena, ndani ya nyumba yangu. Nikangoja mtu acheke. Niligeuza sikio hili la kulia kabisa. Hakuna aliyecheka. Basi, ndipo nikasema. Kaltuma akikwambia nililia, Kaltuma anauza maziwa, hauzi habari.

Siku hizi nalitaja. Mwiti alikuja juzi akasimama, anaogopa kuketi. Nikamwambia, hicho ni kiti cha Ekidor, na Ekidor hakuwahi kumnyima mtu kiti. Kalia. Akaketi, akamaliza chai. Mwiko nilikuwa nimeuweka mbali.

Amenunua ile betri ya kifungo na anataka kuiweka. Nimemwambia aiache hapo dirishani, tutaona. Ananishangaa. Mwache ashangae, bado ni kijana.

Kwa sababu hivi ndivyo ninavyofanya. Jioni nachomoa waya, stima ya hapa siiamini. Asubuhi nachomeka, nawasha, nakaa. Inaamka ikidhani ni 2009. Ekidor amesimama pale na tai yake na mbuzi watatu, na Ijumaa atashuka kwa lori. Siiharakishi. Nakunywa chai yangu nikiwa nayo huko. Kikombe kikiisha naiandikia tarehe ya leo, kwa kidole changu mwenyewe, Kaltuma amenifundisha. Kurasa zinafunguka. Ndipo tunakuja kwenu.

Basi mweke Akidor karibu na simu. Na nikichelewa kidogo asubuhi, usipige. Niko njiani.

Ata yenu,
Akolong